Chupa ya Kidole

Juzi mjukuu wangu alifungua kabati la jikoni akatoa chupa ya asali, akaipindua, akasubiri, kisha akaniambia kwamba nimeuziwa sukari. Asali ilikuwa imeganda, nyeupe kwa chini na rangi ya chai ya rangi kwa juu, haisogei. Mkono wake mmoja ulikwisha shika mfuniko wa pipa la taka. Nilimnyang'anya chupa kwa ukali uliomshangaza yeye na mimi pia, nikaifungua, nikaitia puani. Asali ya Tabora ina harufu yake: moshi kidogo, gamba la mti lililolowa, na kwa mbali uchungu fulani kama wa tumbaku mbichi. Nikakaa chini palepale. Mtoto wa watu akadhani presha imenipanda, akakimbilia maji.

Presha haikuwa imepanda. Nilikuwa nimerudi Ng'ambo, mtaa wetu wa Tabora, nina miaka tisa, nanuka asali mpaka kwenye nywele, na kidole changu cha shahada kina dhambi.

Nililelewa na Bibi Nyamizi, mama yake mama. Wazazi wangu walikuwa wamehamia kijiji cha ujamaa mbali na mji, na kwa kuwa shule ya huko ilikuwa bado matofali, mimi niliachwa kwa Bibi nisome. Nyumba yake ilikuwa na baraza ndefu iliyotazama barabara, na juu ya baraza hiyo ndipo alipouzia asali. Ililetwa na kaka yake, Babu Kaseka, mrina asali, ambaye alitoka porini kwa baiskeli na vilindo viwili vimening'inia huku na huku. Kilindo ni chombo cha gamba la mti, kimeshonwa kikawa kama ndoo yenye mfuniko. Bibi alikifunga kwa kamba ya magome, kwa fundo aliloachiwa na baba yake, na katika nyumba ile tuliolijua fundo hilo tulikuwa wawili tu, yeye na mimi.

Baba yake alikuwa mpagazi. Alibeba pembe na nta kutoka Ujiji na Unyanyembe hadi pwani, akarudi na majora ya nguo, mara nyingi kiasi kwamba Bibi alipokuwa mdogo alimjua zaidi kwa mgongo kuliko kwa uso. Sifa yake haikuwa nguvu, maana wenye nguvu walikuwa tele. Sifa yake ilikuwa kwamba mzigo aliokabidhiwa ulifika kama ulivyofungwa. Kutokana na hilo Bibi alitengeneza sheria moja iliyotosha kwa mambo yote ya dunia: mzigo haufunguliwi njiani. Ukitumwa unga, mzigo haufunguliwi njiani. Ukisikia maneno ya jirani, vilevile. Nilipoulizwa shuleni nini maana ya uaminifu nilijibu hivyohivyo, na mwalimu akaniwekea alama ya vyema bila kuelewa nimesema nini.

Katika miaka hiyo watu wazima walikuwa wakijifunza kusoma. Redio ilihimiza, balozi wa nyumba kumi alihimiza, na jioni ungewaona wanawake wenye wajukuu wakienda kisomoni na madaftari yamefichwa ndani ya khanga kama vile wameiba. Kisomo hicho ndicho kilichotuletea Mwalimu. Alikuwa mtu wa Lindi, mfupi, mwembamba, suruali ya kaki imepauka magotini, na mkoba mweusi ambao hakuuweka chini hata akisalimia. Jina lake halisi lilikuwepo, lakini Ng'ambo nzima ilimwita Mwalimu Umejuaje, na nadhani mwenyewe alikuwa akilipenda.

Jina lilitokana na mazungumzo ya Jumamosi. Kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri, Mwalimu alifungua ghala moja la zamani la karanga, akapanga mabenchi, na watu wakaja. Hakuwafundisha kusoma siku hiyo. Aliwauliza jambo wanalolijua kwa hakika, wakamwambia, naye akauliza, kwa upole kabisa, "Umejuaje?" Basi. Mtu akisema ameambiwa na shemeji yake, atauliza shemeji naye amejuaje. Wengine walikasirika. Wengine walicheka mpaka wakashika mbavu. Mambo ya Mungu hakuyagusa. Alisema hayo yana wenyewe, yeye anashughulika na mambo ya bundi.

Bundi hao nawakumbuka. Watu walisema bundi akilia juu ya paa, mtu atakufa. Mwalimu hakubisha. Aliomba tu kwamba kwa mwezi mmoja kila anayemsikia bundi aje amwambie, akaandika ubaoni usiku wa bundi upande mmoja na misiba upande wa pili. Bundi walijaza ubao. Misiba ilikuwa miwili, na mmoja ulitokea nyumba isiyokuwa na bundi. Aligeuka akatuuliza: bundi aliyelia na asife mtu, nani humkumbuka? Na mimi niliona kwa mara ya kwanza watu wazima wakifikiri, jambo ambalo mtoto haonyeshwi mara nyingi.

Mara nyingine ilikuwa kisima kimoja upande wa Chemchem, ambacho maji yake yakichotwa jua la utosi yalisemwa huvimbisha mashavu. Mwalimu aliyanywa siku saba, saa sita kamili, mbele ya umati. Mimi nilikuwa mbele kabisa, na siku ya tano niliapa kwa sauti kwamba shavu la kushoto limevimba. Alinitazama, akatoa mdomoni kipande cha muwa, akaendelea na safari yake. Nilichekwa wiki nzima.

Lakini nilimwogopa. Kwa akili yangu ya utoto, mtu anayeuliza hivyo ni mtu anayeona. Niliamini kwamba ndani ya mkoba ule mweusi mlikuwa na kitu, sijui kioo, sijui dawa, kinachomwonyesha nani amefanya nini, na kwamba swali lake lilikuwa kuwapa watu nafasi ya kuungama kabla hajafungua. Bibi alimpenda. Hakukosa Jumamosi hata moja. Alikaa benchi la nyuma, amejitanda, na tukirudi nyumbani alinijaribia swali lilelile kwa kila nilichosema, mpaka nikawa siwezi hata kusema nina njaa.

Basi ikaja asali ya Bi. Zena. Bi. Zena alikuwa jirani yetu wa mtaa wa nyuma, mke wa fundi cherehani, mwanamke wa maneno mengi na moyo mzuri, na alikuwa akimwoza binti yake. Aliagiza kilindo kizima, apate kuwakirimu wakwe wanaotoka Nzega. Bibi alikifunga mwenyewe, akanitwisha, akanituma. Njia ilikuwa fupi. Lakini nilikuwa nimeamka bila chai, sukari ilikuwa haionekani mjini kwa wiki ya tatu, na harufu ilikuwa ikinishukia kutoka kichwani. Nyuma ya ukuta wa msikiti nilikitua, nikafungua fundo, nikatia kidole. Mara tatu. Kisha nikalifunga tena kama nilivyofundishwa, nikakipeleka, nikapewa andazi la shukrani, nikalila pia.

Harusi iliahirishwa kidogo kwa sababu ya msiba upande wa bwana harusi, na kilindo kikakaa chumba cha ndani cha Bi. Zena, sakafu ya saruji, wakati kipupwe kimeanza na asubuhi tunatoka na mashuka mabegani. Wakwe walipofika, kilifunguliwa mbele yao. Asali ilikuwa imeganda chembechembe nyeupe. Mkwe mmoja alichukua chembe, akaiweka ulimini, akasema neno moja tu: sukari.

Sijui kama mtu wa leo anaweza kuelewa ukubwa wa jambo hilo. Kufikia jioni Ng'ambo nzima ilijua kwamba Bibi Nyamizi anatia sukari kwenye asali. Bibi alisema ni baridi, ya kwake yeye haigandi kwa sababu huiweka karibu na jiko. Wakasema muuzaji hakosi la kusema. Akasema sukari yenyewe apange foleni kutwa nzima, aje aimwage kwenye asali, ana wazimu? Hilo lilikuwa na mantiki, nami nilidhani litawanyamazisha. Wakasema huenda ana ndugu katika duka la ushirika. Hakuwa na ndugu katika duka la ushirika, lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na watu wakakaa kulisubiri lije.

Wateja wakapungua. Walipita mbele ya baraza wakisalimia kwa heshima zote, shikamoo Bi. Nyamizi, habari za hapa, na kuendelea. Mtoto mmoja alitumwa kurudisha chupa iliyokuwa nusu. Babu Kaseka alikuja na vilindo vipya akakuta vya zamani vimejaa, akavifungua na kuvifunga, akakaa kwenye kigoda. Usiku niliwasikia wakizungumza Kinyamwezi, taratibu, na nilielewa kwamba Bibi anataka kufunga baraza na kumfuata kaka yake porini. Alisema baba yake hakuwahi kuitwa mwizi wa mzigo hata na Waarabu, na yeye hawezi kuuza mbele ya watu wanaomtazama mikono.

Nami nilikuwa na hakika ya jambo moja. Asali haikugandishwa na baridi wala sukari. Nilikuwa nimefungua mzigo njiani, na mzigo uliofunguliwa njiani umeharibika. Kwa mtoto aliyelelewa kwa sheria moja tu, hapakuwa na maelezo mengine. Nililala na kidole kile nimekikunja ndani ya ngumi.

Jumamosi iliyofuata Bibi alijitanda khanga yake mpya akaniambia twende. Nilimsihi tusiende. Aliniuliza kwa nini, nikasema tumbo. Akaniuliza nimejuaje kama ni tumbo, nasi tukaenda.

Ghala lilijaa. Mwalimu alikuwa hajamaliza hata kufuta ubao Bi. Zena aliposimama. Hakumtaja mtu. Alisema yeye anaomba kuelimishwa tu: je, asali safi huganda? Vichwa viligeuka nyuma, vikarudi mbele. Mwalimu, ambaye alikuwa ameshinda wiki nzima vijijini na hakujua lolote, alijibu huku akipangusa chaki mikononi. Alisema kwao Lindi amekula asali tangu anaota meno, na hajaona asali safi iliyoganda. Ikiganda, ina kitu.

Mnong'ono ulipita kwenye mabenchi. Nilimtazama Bibi. Hakuinuka, hakubisha. Alivuta khanga ikamfunika nusu ya uso, akabaki ameketi, akimtazama Mwalimu yule aliyempenda, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyepigwa na mwanawe. Mpaka leo sijaona kitu kilichoniuma hivyo.

Nikasimama. Nilikusudia kuungama. Naapa, nilikuwa nimepanga maneno: ni mimi, nilifungua njiani, msimseme Bibi. Nikafungua mdomo, na kwa sababu ya woga, au kwa sababu ndilo neno lililokuwa limezoea kutoka mahali pale, likatoka lingine.

"Umejuaje, Mwalimu?"

Watu walicheka, halafu wakaacha. Mwalimu alinitazama. Nikadhani sasa atafungua mkoba.  Aliokota chaki, akaiweka tena. Nje kuku walikuwa wakiparua maganda ya karanga.

"Sijui," akasema. "Nimeona ya kwetu, nikadhani nimeona zote."

Nimeishi sana tangu siku hiyo. Nimefanya kazi maabara ya hospitali mpaka nikastaafu, nimekaa na madaktari, na wakubwa wa madaktari, na sijasikia watu wengi wakilitamka neno lile dogo mbele ya watu wanaowaheshimu. Yeye alilitamka kama anavyotaja jina lake. Kisha akageuka ubaoni akaanza kazi. Alisema kila mtu aseme anachodhani kinagandisha asali, hata kama anaona haya. Wakasema sukari, akaandika. Mwingine akasema baridi, akaandika. Kijana mmoja akasema mwezi mpevu, mzee mmoja akasema kijicho. Mwalimu akasema hayo mawili atayaandika pembeni kwa kuwa hajui jinsi ya kuyatia kwenye chupa. Akauliza kama kuna jingine.

Nilikuwa bado nimesimama. Nikasema, kwa sauti ambayo sikuijua, kwamba mimi nilitia kidole. Kwamba nilikifungua kilindo njiani, nyuma ya msikiti, nikatia kidole mara tatu.

Ghala zima lilipumua kwa pamoja. Sikuthubutu kugeuka nimwone Bibi. Mwalimu hakucheka wala hakukunja uso. Aliniuliza kidole kipi. Nikamwonyesha. Akaniuliza kama kati ya mara moja na nyingine nilikilamba. Nikasema ndiyo. Akaandika ubaoni, kwa mwandiko uleule aliouandikia baridi na sukari: kidole, kimelambwa. Yaani dhambi yangu ilipangwa mstari na dhana za watu wazima, ingoje zamu yake. Nilianza kulia, sasa si kwa woga.

Alichofanya baadaye mji ulikiongelea kwa miaka. Alichagua mashahidi watatu, na wa kwanza alikuwa Bi. Zena mwenyewe, wengine ni muadhini wa msikiti wetu na katekista mmoja wa Ipuli. Waliingia porini na Babu Kaseka, wakaona mzinga ukishushwa, wakaona masega yakikamuliwa. Bi. Zena aliumwa na nyuki kwenye kope, akarudi na jicho limefumba lakini ameshika kilindo mwenyewe njia nzima, hamwachii mtu. Asali hiyo iligawanywa mbele ya ghala zima katika chupa nne zilizofanana. Ya kwanza ingekaa juu ya dari ya jiko, penye joto. Ya pili chumba cha baridi. Ya tatu ingetiwa maji ya sukari, ikae na ya pili. Kwa ajili hiyo watu walichanga sukari, kila nyumba kijiko cha chai, na sijaona sukari ikiagwa kwa uchungu namna ile.

Ya nne ilikuwa yangu, nayo ingekaa baridini na hizo mbili. Nilipandishwa juu ya sanduku, nikaambiwa nifanye kama nilivyofanya siku ile, nisipunguze wala kuongeza. Nikatia kidole, nikalamba, nikatia, nikalamba, nikatia. Watu zaidi ya mia walikuwa wakinitazama. Asali ile haikuwa na utamu wowote. Mwalimu akaziba chupa zote kwa nta, mashahidi wakakandamiza vidole gumba juu yake, na zote zikapelekwa kwa Bi. Zena, maana zingekaa kwetu maneno yasingeisha.

Wiki zile Bibi hakunipiga wala kunigombeza. Alinipa chakula, alinisuka, alinituma maji. Hakunituma kitu kingine. Akiwa na kifurushi cha kupeleka mahali alikipeleka mwenyewe, kwa miguu yake iliyokuwa ikimuuma, na mimi nikabaki mlangoni na mikono mitupu. Nilikuwa natamani fimbo.

Siku ya kufungua, ghala lilijaa mpaka watoto wakakaa madirishani. Bi. Zena alizileta chupa kwenye sinia, amezifunika kwa kitambaa kilichodariziwa. Mashahidi wakakagua alama za vidole gumba vyao kwenye nta. Iliyokaa jikoni ilikuwa bado inatiririka, Mwalimu akaimimina kidogo wote waone uzi wake. Yenye maji ya sukari ilikuwa imetoa povu na kunuka kama togwa iliyochacha. Iliyokaa baridini imeganda, nyeupe, chembechembe, vilevile kama ya harusi. Na ya kidole ilikuwa imeganda kama ile iliyokuwa pembeni yake, si zaidi, si pungufu. Aliziinua zote mbili juu, akazigeuza kichwa chini, hakuna iliyodondoka. Muadhini alitakiwa aseme ipi ni ya kidole bila kutazama alama, akakosea.

Mwalimu akaziweka mezani. Hakutabasamu kama mshindi, na kwa kweli hakuwa ameshinda.

"Nilisema hapa kwamba asali safi haigandi," alisema. "Nilikosea, na kosa langu limemuumiza mtu. Bi. Nyamizi, mama yangu, nilikukosea mbele ya watu, nakuomba radhi mbele ya watu."

Bibi alisema yamekwisha. Bi. Zena, jicho likiwa bado na uvimbe, alikwenda hadi benchi la nyuma, akakaa ubavuni mwake akamshika mkono, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema kitu. Kesho yake asubuhi baraza lilikuwa na watu kabla hatujafagia.

Jioni Bibi aliniita ndani. Chupa yangu ilikuwa mbele yake, ile ya kidole, aliyoiomba kwa Mwalimu. Nilikuwa na furaha, nilikuwa mtu aliyeachiwa huru na ghala zima.

"Asali haikuganda kwa sababu ya kidole chako," alisema. "Hilo nimeliona kwa macho yangu. Lakini kidole kiliingia."

Akaiweka chupa juu ya rafu, mahali ninapoiona nikilala, akatoka. Nimesoma vitabu vingi kuhusu kupima na kuthibitisha, na bado sijakuta pahali palipogawanya jambo kwa usafi zaidi ya pale.

Mwaka uliofuata, Bibi akiwa bado hanitumi kifurushi, Mwalimu akapata uhamisho kwenda Kigoma. Kisomo kilikuwa kimewafikisha wengi mbali, Bibi mmoja wao. Alikuwa akisoma kwa kidole, polepole, kama anayepanda karanga. Tulikwenda stesheni kumuaga. Treni ilichelewa, kama ada yake, na Bibi akakaa juu ya benchi la mbao na kilindo mapajani, kimefungwa fundo la baba yake. Nilimwamkia Mwalimu, akaitikia marahaba, akaniuliza kidole hakijambo. Nikasema hakijambo.

Bibi alimwambia kwamba ana neno limemkaa tangu siku ya chupa. Alisema zile chupa zilionyesha asali safi huganda. Hazikuonyesha kwamba yeye, Nyamizi, hakutia sukari kwenye kile kilindo cha harusi. Hilo aliliona siku ileile akiwa amekaa, akanyamaza, kwa kuwa lilimfaa.

"Nililiona pia, Mama," Mwalimu akasema. "Wenye kukushtaki hawakuwa na ushahidi, na nilichoweza kuwaonyesha ni hicho tu. Lililobaki silijui. Nakuamini."

 Bibi akainua kilindo akamkabidhi. Alisema ni cha dada yake aliyeolewa Ujiji, njia ileile aliyoipita baba yao na mizigo ya watu, na kwamba mzigo haufunguliwi njiani. Mwalimu alikipokea kwa mikono miwili, akaweka mkoba wake mweusi chini, sakafuni, kwa mara ya kwanza mbele yangu. Ulikuwa umefunguka kidogo. Nilichungulia. Mlikuwa na chaki, shati, na muwa.

Mwalimu alimuuliza, kwa utani, amejuaje kwamba hatafungua. Bibi akasema hajui.

Barua ya Ujiji ilifika baada ya mvua za kwanza. Bibi hakunipa nimsomee. Alikaa barazani, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akaenda hivyo mstari kwa mstari, midomo ikisogea, mpaka mwisho.  Ndipo akanipa, akasema nisome kwa sauti ahakikishe kama amepata sawa. Dada yake alisalimia sana. Alisema asali imefika, imeletwa na mtu mfupi aliyekataa hata chai, imeganda kama jiwe, na kamba haikuguswa.

Bibi akaniomba nirudie mstari wa mwisho. Nikarudia. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na chupa ya asali imefungwa kitambaa, akanitwisha, akaniambia niipeleke kwa Bi. Zena.